Pengo Kwenye Geti la Ewuaso

Jumapili, Agosti. Baridi ya Kitengela imekaa tu. Jua limekataa kutoka, na upepo unapiga mabati ya jirani ambaye tangu nimjue anasema atayapigilia misumari. Leo sikwenda kanisani. Mungu anajua niko wapi na anajua kilichonipata jana, kwa hivyo hatutasumbuana.

Mikono inauma. Chai nimepika, nikaisahau, ikapoa, nikapika nyingine, na hiyo pia iko hapo mezani inanitazama.

Jana nimeona kitu, na sijui nikiseme vipi.

Wacha nianze mbali kidogo, maana kuna wageni huku kwenye blogu wanaoniuliza kila mara mimi hufanya kazi gani hasa. Mimi ni mtaalamu wa alama. Hivyo ndivyo cheti kinasema. Watoto wa ploti yetu wanasema mimi ni mchawi, na mama zao wanawachapa kwa kusema hivyo, halafu jioni mama hao hao wananiletea vibuyu niwakagulie alama ya maziwa. Sibishani na mtu. Mchawi ni mimi, sawa, lakini mchawi wa kusomea: nimekaa darasani nikajifunza jinsi mchoro unavyofanya kazi, na sasa nafundisha wengine.

Alama zenyewe mnazijua. Ile iliyochongwa kwenye kaunta ya muuza maziwa ili yasichache. Ile ya kwenye tanki, inayoyaweka maji baridi hata Februari. Ile fundi anaikwaruza kwenye boriti kabla ya kupiga mabati, ili upepo wa huku usibebe nyumba nzima. Tumezoea. Nani ataamka kila asubuhi ashangae kwamba maziwa hayajachacha? Hata mimi, ambaye kazi yangu ni kushangaa kwa niaba ya wengine, mshangao ulikuwa umeanza kuniishia.

Iliyo kubwa kuliko zote ni alama ya boma. Wamaasai wa huku Kajiado huichonga kwenye nguzo ya lango. Kila mtu wa boma ana mstari wake. Ukizaliwa unachongewa, ukiolewa unachongewa, na mistari inashikana mpaka inakuwa mchoro mmoja ambao boma lingine lolote halina. Alama ikiwa hai, ng'ombe wanatoka asubuhi wanakwenda wanakotaka, na jioni wanarudi wenyewe. Hakuna wa kuwafuata. Fisi anafika langoni, anasimama, anageuka. Alama ikifa, hayo yote yanaisha, na boma lenyewe halikawii kuisha.

Sasa, Lemayian.

Lemayian ni jirani yangu wa mlango wa pili, jamaa mmoja mrefu, mpole, anaendesha boza, lori la kuuza maji, hapa Kitengela. Babake alifariki mwaka jana. Mamake, ambaye mimi na watu wengine wote tunamwita Yeyo kwa sababu ndivyo Wamaasai wanavyomwita mama, alibaki peke yake kwenye boma lao kule Ewuaso Kedong. Juzi juzi Lemayian akaja kubisha kwangu, akaketi, akakataa chai. Mtu wa huku akikataa chai ujue kuna jambo.

Alama ya boma lao ilikuwa imekufa. Ng'ombe wakitoka hawarudi. Majirani wanazunguka nyikani jioni kuwatafuta, wengine wanapatikana, wengine fisi amewapata kwanza. Yeyo magoti yake hayamruhusu kukimbizana na mifugo. Lemayian alikuwa ameshaamua: nikishindwa kuiamsha Jumamosi, Jumapili, yaani leo, lori linakuja kuchukua ng'ombe waliobaki wapelekwe kwa mjomba wake Entarara, na Yeyo anahamia Kitengela. Chumba alikuwa ameshampatia, hapo nyuma ya ploti yetu. Kile chenye dirisha linalotazama ukuta.

Nikamuuliza Yeyo mwenyewe anasemaje. Akaniambia hasemi kitu. Tangu alama ife, amenyamaza.

Basi tukatoka jana asubuhi na pikapu ya kuazima, tukapitia Isinya hadi Kiserian, tukapanda Ngong kwenye ukungu, halafu tukaanza kuteremka. Ukiteremka kule baridi inakuacha. Unavua sweta moja, unavua la pili, na mbele yako bonde linajifungua hadi kwenye mlima Suswa. Mimi ni Mkamba wa kuzaliwa na kukulia vilimani, na bado lile bonde kila nikiliona linanifunga mdomo. Jana lilinifunga kwa muda mfupi tu, kwa sababu Lemayian alikuwa anaeleza na mimi nilitaka kusikia.

Nguzo ya zamani, alisema, ililiwa na mchwa. Ukiisukuma inayumba. Akaona mama yake hawezi kuishi na lango la miba na nguzo mbovu, kwa hivyo akaagiza geti la chuma kwa fundi mmoja wa kuchomelea hapa Kitengela. Geti zuri, zito, la kufunga na komeo. Na alama akaipiga picha kwenye ile nguzo, fundi akaikunja upya kwa nondo, mstari kwa mstari, akaichomelea kwenye bati la geti. Kuna mstari mmoja tu uliokuwa umefutika kwenye mti. Ulikuwa wa babake. Lemayian aliukumbuka vizuri tangu utotoni, unaanzia juu unashuka katikati kama fimbo, kwa hivyo akamchorea fundi chini kwa kidole, na fundi akaurudisha.

Nilimwambia alifanya vizuri sana. Ndivyo tunavyofundisha. Mstari ukilika, urudishe, maana nguvu ziko kwenye mstari. Hiyo ni kauli ya siku ya kwanza darasani, na mimi ndiye huiandika ubaoni.

Tulifika mchana. Yeyo alikuwa amesimama mbele ya nyumba, shuka begani, mkono kwenye paji la uso kukinga jua. Lemayian, ambaye mwenyewe ni baba wa watoto, aliinamisha kichwa kama mtoto wa shule, na mamake akaweka kiganja juu yake. Na mimi nikainamisha. Kiganja chake ni kikavu na chepesi. Akanisalimu, "Takwenya," nikajibu, "Iko," na hilo ndilo neno tulilopata kutoka kwake kwa saa kadhaa. Alitupatia chai. Alikaa pale kivulini akatutazama.

Nikaenda kwenye geti.

Niseme ukweli, lile geti lilikuwa zuri. Fundi yule ana mkono. Mistari yote ilikuwa imekunjwa bila kukosea, ya Yeyo, ya Lemayian na ndugu zake, ya mabibi walioolewa hapo, na katikati ule wa marehemu, umenyooka, umeshika kila kitu. Nikatoa kipimo changu. Ni ushanga tu, wa ganda la yai la mbuni, umefungwa kwenye uzi. Ukiuning'iniza mbele ya alama iliyo hai unaanza kuzunguka wenyewe. Kadiri alama ilivyo na nguvu, ndivyo unavyozunguka.

Ukaning'inia tu, kama ushanga wa sokoni.

Nikafanya kila ninachojua. Nikaangalia kama geti limeelekea upande sahihi. Limeelekea. Nikaangalia kama tatizo ni chuma, lakini chuma si tatizo, Isinya nzima ina mageti ya chuma na ng'ombe wanarudi. Nikachimba miguuni mwa geti nione kama saruji imeziba udongo wa boma. Haijaziba. Nikafuta vumbi, nikapaka mafuta ya kondoo kila mstari kwa kidole changu, nikanyunyiza maziwa, nikangoja. Hakuna. Lemayian alisimama nyuma yangu akibeba vitu nilivyomwambia abebe, na kila nikigeuka uso wake ulikuwa umeshuka zaidi. Kuna wakati alienda pembeni kupiga simu. Nikajua anaongea na mwenye lori.

Nilikasirika. Si yeye aliyenikasirisha, ni lile geti. Nimesoma alama zilizochongwa kwenye mawe na watu waliokufa kabla ya mtu yeyote kujenga Kitengela, nikaziamsha, halafu nondo za juzi zinanidharau?

Nikaenda kuketi mbali na geti, kwa hasira tu, na ndipo nikawaona ndama.

Ndama wale walikuwa wamelala wote mahali pamoja. Boma lina kivuli sehemu nyingi, upande wa nyumba, chini ya mgunga, nyuma ya ua. Wao walikuwa wamelala juani, wameibana miili kwenye lundo la miti mibovu karibu na ua, vichwa vimeelekea ndani. Nikasimama kuangalia wamelalia nini. Ilikuwa nguzo ya zamani. Imetupwa pale na takataka nyingine za ujenzi, mchwa wamekula nusu, na alama iko juu, inatazama mbingu.

Nikapita kati ya ndama. Hawakuamka hata mmoja. Nikapiga magoti, nikatoa ushanga.

Jamani.

Ulizunguka mpaka uzi ukalia. Nguzo iliyong'olewa, isiyo langoni, inayooza, na alama yake ilikuwa hai kuliko nyingi nilizowahi kupima. Nikaupitisha ushanga polepole juu ya mistari, mmoja baada ya mwingine. Kila mstari uliuzungusha vizuri. Halafu nikafika katikati, pale ambapo mstari wa marehemu ulifutika, ambapo hakuna kitu, ni mti mtupu. Nilitarajia utatulia.

Haukutulia. Uliacha kuzunguka, ukavutwa. Uzi ulikaza kama umeshikwa na kidole upande wa pili, ushanga ukakaa hewani, umeinama kuelekea pale patupu, na ukabaki hapo. Nikaurudisha nyuma, ukavutwa tena. Vitabu vyote nilivyosoma vinasema nguvu ziko kwenye mstari. Hakuna kitabu kilichoniambia nitaona alama nzima imekaa imeegemea mahali pasipo na mstari.

Nikainama karibu. Nimeona mistari iliyolika, ni kazi yangu, najua mti unavyochakaa kwa mvua na jua. Pale hapakuwa pamechakaa. Palikuwa pamekwanguliwa kwa kisu, kwa uangalifu, pole pole, mpaka chini, halafu pakapakwa mafuta. Na juu ya hayo palikuwa laini. Laini kama mpini wa jembe la nyumbani kwenu. Ni mkono ulioufanya mti kuwa hivyo, mkono mmoja, mahali pale pale, kila siku.

Nikaweka kiganja changu. Palikuwa na joto. Lile joto unalolikuta kwenye kiti mtu akiwa ameinuka sasa hivi.

Nyuma yangu Yeyo akasema, "Hapo pana mwenyewe."

Sikujua hata kwamba ameinuka. Alikuwa amesimama kati ya ndama, na hakuwa amekasirika, lakini niliondoa mkono haraka kama mtoto aliyeshika sufuria ya moto. Lemayian naye alikuwa amekuja. Alimtazama mamake, akaitazama nguzo, akageuka akalitazama geti, na nikaona jambo linamwingia taratibu, linamshuka kutoka kichwani mpaka miguuni.

Nitaeleza, maana hata mimi ilibidi nielezwe baadaye na Lemayian, kwa yale mamake aliyomdokezea. Kwetu Ukambani mtu akifa, mtoto anayezaliwa anapewa jina lake. Nyanya yangu amekufa na bado mimi naitwa jina lake, Mwende, kila siku, likiwa mdomoni mwa watu. Kwa Wamaasai, hasa hawa wa zamani, si hivyo. Mtu akifa jina lake halitajwi tena. Linaachwa. Hata ukitaka kumzungumzia unazunguka, unasema yule, unasema baba ya fulani, na wengi hawasemi kabisa. Wala hawamchukii. Ndiyo heshima yenyewe.

Na mstari kwenye nguzo ni jina.

Asubuhi baada ya mazishi, kabla watu hawajaamka, Yeyo alichukua kisu akaenda langoni akautoa mstari wa mumewe. Hakumwambia mtu. Angemwambiaje mtu bila kumtaja? Tangu siku hiyo, kila ng'ombe wakitoka, aliweka mkono pale. Kisha mwanawe, ambaye ameishi mjini miaka mingi, ambaye kwake sebuleni picha ya babake iko ukutani ina maua ya plastiki, akaja na geti jipya na kumrudisha babake katikati ya alama kwa nondo nene ya chuma, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Mama akaona. Hakuwa na njia ya kusema. Angesema nini? Toa nani?

Nilikuwa nawatazama wawili hao, na roho iliniuma kwa ajili ya wote.

Lemayian alisema, "Nilitaka akae kwenye geti. Watu wakiingia wamwone."

Mamake alimshika mkono juu ya kiwiko, akamshika kwa muda mrefu, halafu akaenda ndani ya nyumba, akarudi na msumeno wa chuma. Ulikuwa umeshika kutu pembeni. Nadhani ulikuwa wa mzee. Akampa mwanawe.

Nilikuwa tayari kusema nitakata mimi. Ni kazi yangu, nililetwa kwa hiyo. Lakini Yeyo alinitazama mara moja tu, na nikarudi nyuma.

Mnajua kukata nondo kwa msumeno wa mkono kunavyokuwa? Ni kelele tupu, kelele inayoingia kwenye meno. Lemayian alikata mwisho wa juu kwanza. Alilia akikata. Hakujificha, machozi yalikuwa yanadondoka kwenye bati na yeye anaendelea kuvuta na kusukuma. Wembe wa msumeno ulikatika, akaweka mwingine. Alipochoka nilipokea nikakata kidogo chini, ndiyo maana leo siwezi kushika kikombe sawasawa, lakini nilipokaribia kumaliza akaniomba msumeno. Alitaka kumaliza mwenyewe.

Nondo ikaachia. Akaishika kabla haijaanguka, akaikumbatia kifuani kama mtu aliyepokea mtoto.

Kwa muda kidogo hakuna kilichotokea, na nikawaza, basi, nimemfanya mtu amng'oe babake bure. Sijawahi kuogopa hivyo kazini.

Halafu ndama wakasimama. Wote, pamoja, kama wameambiwa.

Geti lilianza kuvuma. Sauti ya chini, unaisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Vumbi lililokuwa kwenye bati lilidondoka lote kwa mara moja. Mistari haikung'aa, wala hapakuwa na moto, hizo ni hadithi za watu. Lakini pale katikati, kwenye lile pengo kati ya vipande viwili vya nondo vilivyobaki, hewa ilikuwa inacheza kama juu ya jiko. Nikainua ushanga. Nilikuwa hatua kadhaa kutoka kwenye geti, na bado ulinyooka kuelekea pale, uzi umelala hewani, ukaniponyoka vidoleni. Ukaruka ukanasa kwenye pengo. Haukushika chuma, haukugusa juu wala chini. Ulikaa katikati ya hewa, mweupe, ukazunguka kwa utulivu.

Nimesoma alama utu uzima wangu wote. Nilikaa chini kwenye vumbi, na sketi yangu ya kanisani, nikaangalia. Lemayian alikuwa anasema Enkai, Enkai, kwa sauti ya chini, anamwita Mungu wao wa tangu zamani ambaye ndiye yule yule. Mimi hata hilo sikuweza.

Kisha tukasikia kengele. Mbali sana, upande wa Suswa. Mwanzoni nilidhani ni upepo. Lemayian akapanda juu ya pikapu, akaangalia, akasema vumbi linakuja. Ng'ombe walikuja bila mchungaji, bila mbio, wanatembea kama watu wanaotoka kazini. Wale waliokuwa wamepotea siku nyingi walikuwa humo, mmoja ana jeraha mguuni linalopona. Jua lilikuwa limeshuka kidogo tu. Kila ng'ombe akipita getini alipunguza mwendo, akageuza kichwa upande wa pengo, akaingia. Kila mmoja.

Yeyo alikuwa amesimama pale na mkono wake kwenye pengo. Akaanza kuongea. Mwanamke aliyenyamaza muda wote huo alianza kuita ng'ombe majina yao kwa Kimaa, mmoja mmoja wakipita, anamkaripia huyu, anambembeleza yule, anacheka. Lemayian alipiga simu, nikamsikia akimwambia mwenye lori asijisumbue.

Nimekuwa nikifikiria tangu jana. Naweza kusema alama ilikufa kwa sababu ilikuwa inadanganya, inasema mtu yupo na hayupo. Hilo linaeleza kwa nini geti lilinyamaza. Haliuelezi ushanga. Uongo ukiondoka kinabaki kitupu, na kitupu hakivuti. Kile kilivuta. Labda ng'ombe hawaitwi na waliopo. Labda boma ambalo kila mtu yupo halina haja ya kuita, na linaloita ni lile linalojua limepungukiwa. Sijui! Na maboma mapya ambayo hayajafiwa je, yanaita na nini? Nikipita sasa Kitengela naona mapengo kila mahali, kwenye milango, kwenye kaunta, mapengo ambayo sisi wenye vyeti tumekuwa tukiyaita uchakavu na kuyajaza kwa bidii, halafu tunajiuliza kwa nini alama za zamani zinakufa mikononi mwetu. Naogopa, na nina furaha ambayo sijaisikia tangu nikiwa mwanafunzi. Nimejua kwamba sijui kitu, na dunia imekuwa kubwa tena.

Kesho niko na darasa la wapya. Sitaandika ile kauli ubaoni. Nitaandika nini badala yake, hata sijui.

Lakini si hilo lililoninyima chai leo.

Tulipokuwa tunaondoka, Lemayian akiwasha pikapu, Yeyo aliniita getini. Akanishika kidole, akakipitisha kwenye nondo moja fupi upande wa kulia wa pengo, imejikunja kidogo, imeliegemea.

"Huu ni wangu," akasema. "Siku yangu ikifika, njoo na msumeno wewe. Huyu mtoto hataweza mara ya pili."

Alisema kawaida tu, kama mtu anayekuagiza chumvi ukienda dukani. Nilitaka kumwambia ana miaka mingi mbele. Nilitaka kumwambia nitamtengenezea alama isiyohitaji kukatwa. Nilimtazama, na nikajua anataka neno moja tu kutoka kwangu, kwa hivyo nikampa. Nikasema nitakuja. Akaweka kiganja kichwani mwangu, akaenda kukamua.

Nitakuja. Nimeahidi na nitakuja. Ila kesho, Mungu, nakuomba, iwe siku ya kawaida: ng'ombe watoke, warudi, na simu yangu isilie.